Mgonjwa Wangu wa Kirotshe

Mwambie mtu wa Goma kwamba unakwenda Kirotshe. Hatakuuliza unafuata nini huko, atakuuliza nani anaumwa. Hospitali imeumeza mji, halafu zone ya afya ikalibeba jina hilo hadi Sake, mji mkubwa kuliko Kirotshe yenyewe. Mtoto anaweza kuzaliwa Sake na kuchanjwa Sake, na kwenye karatasi akawa wa Kirotshe ambayo hajawahi kuiona.

Mimi nilikuwa mzima. Binamu yangu ndiye aliyenitia maneno: "Ukienda Minova, shuka Kirotshe. Kamji ka zamani, katulivu, ziwa miguuni, sambaza za leo leo." (Hii ilikuwa kabla ya Februari 2024, mapigano yalipofika Shasha na kuikata barabara ya Minova.) Nikapanda taksi-basi, wanne kwenye kiti cha watatu, gunia la makaa katikati ya magoti. Karibu na Sake tukapita kwenye mawe meusi ya volkano ya Nyamulagira, lava ya mlipuko ulioanza mwaka 1938, iliyoshuka hadi ziwani. Mgongo wangu unalikumbuka kila jiwe.

Utulivu nilioahidiwa niliukuta kweli. Ziwa limelala, migomba imelala, mbwa kalala katikati ya barabara na shofere akamzunguka. Kilichokuwa macho ni chukudu moja, skuta ya mti iliyojaa makabichi, ikiteremka huku gurudumu lake la mti likilia kama mlango wa kanisa. Nusu saa ikatosha.

"Pole, papa," mzee mmoja akanisalimu. "Unauguza nani?"

"Siuguzi mtu, muzee. Nimekuja kutembea tu."

Akanitazama kwa huruma, akaninyooshea kidole njia ya hospitali.

Nikakimbilia kibanda cha chakula. Sambaza? Mama akacheka. Mwezi ni mpevu, hukuona? Wavuvi huingia ziwani usiku na taa, na sambaza hufuata mwanga. Mbalamwezi ikijaa ziwa zima, nani atafuata kataa ka mvuvi? Binamu aliniambia kila kitu isipokuwa nitazame juu. Basi nipe jibini, si tuko Masisi? Jibini iko kule milimani, akasema, na ikishuka inakwenda Goma. Nilikotoka.

Sahani ikaja. Nilizihesabu sambaza: 11, nyembamba kama njiti za kiberiti, kila moja ikiniuliza kwa jicho lake nani anaumwa. Nazo zina haki gani? Ni wageni kama mimi, zimeletwa hapa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na hakuna aliyezipa pole.

Meza ya pili alikaa dada aliyekuja kuuguza. Bugali yake ilikuwa kilima, sombe inang'aa mawese, maharage pembeni bila kuagizwa. Bei ileile. Nikameza mate, nikameza na aibu.

"Mama, nilisahau kusema. Niko na shangazi hapo hospitali."

Shangazi yangu yuko Goma, anauza vitenge, ana nguvu za kunibeba.

"Yoo, papa! Ungesema mapema!" Sombe ikaongezwa, na sambaza nyingine zikatokea, sijui zilikuwa zimefichwa wapi na mwezi huo. Nilipomaliza akanifungia bugali na sombe kwenye jani la mgomba, za shangazi. "Ale polepole," akasema, na fedha ya kile kifurushi akaikataa.

Jioni, ndani ya taksi-basi ya kurudi, nilikifungua. Jirani yangu alinusa, akakitazama, akanitazama.

"Mgonjwa amekataa kula?"

Nikatikisa kichwa, sura nimeikunja ya msiba.

"Pole, kaka. Kesho atakula," akasema, na mkono wake ukawa tayari umeshamega tonge.