Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Hoteli ya Ufukweni

Mheshimiwa Bwana Mkubwa,

Naomba radhi kwa kukushughulisha, nami najua ulivyo na wageni wengi wa kuwakirimu.

Kwanza nakupongeza kwa mlinzi wako. Juzi nilikuwa napita pwani, maji yametoka, akaniuliza kwa adabu kubwa naenda wapi, kwa nani, na kama nimepanga chumba. Mzungu aliyenitangulia alipita kifua wazi, hakuulizwa kitu. Macho hodari yale: yanamtambua mwenye chumba kwa rangi ya mgongo, bila ya kuonyeshwa ufunguo!

Tafadhali usidhani tunakulaumu kwa kulizua jambo hili. Wewe umelirithi tu. Hapo Shangani, mjini Unguja, hoteli ya Africa House ya leo ilikuwa klabu ya Waingereza. Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar lilipoanza mwaka 1926, chini ya Waingereza hao, viti vya wasio watumishi wa Serikali viligawiwa kwa asili ya mtu: Waarabu, Wahindi na Mzungu. Mwafrika alingojeshwa mpaka 1946, akapewa kiti kimoja. Na mabwana wale, kama mlinzi wako, walikuwa na adabu zao.

Lakini adabu hizo zina mwisho: mwaka 1948 makuli wa bandarini Unguja waligoma kudai mishahara. Mgomo ukaenea, mji ukasimama. Serikali iliyokuwa na polisi, mahakama na jela ikatambua kuwa haijui kupakua meli.

Ombi letu ni dogo. Wanawake wa mwani na wavuvi walipita hapo kabla hoteli haijajengwa. Kwa sheria ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Wewe umekodishwa kiwanja, na sidhani kama bahari imo katika mkataba. Basi mlinzi na atuulize sote, au asimuulize yeyote.

Ikiwa hata hilo ni zito, usijisumbue kujibu. Ijumaa, baada ya sala, tutapita pwani polepole, wazee kwa watoto, bila ya jiwe wala matusi. Hatutagusa kiti chako hata kimoja.

Ila wapishi wako, wafua mashuka wako na huyo mlinzi wako ni watoto wetu, nao wameomba kufuatana nasi. Tunakusihi uwape ruhusa. Ukiona vigumu, basi kwa hisani yako, siku hiyo wapikie wageni chai wewe mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mpita njia wa Unguja