Shoka la Waziri

Mwanangu yuko kidato cha pili, na tangu aingie sekondari nyumba yangu ina lugha mbili: Kiswahili cha kuniomba hela na Kiingereza cha kunificha mambo. Miaka saba ya shule ya msingi alisoma kila kitu kwa Kiswahili. Likizo moja tu, sayansi ikageuka Biology, hisabati ikageuka Mathematics, na baba yake akageuka mshamba.

Mpwa wangu, mmoja wa hawa vijana wanaojua dawa ya kila kitu, akaniambia, “Mjomba, soma habari za kila siku kwa Kiingereza. Tukio umeshalisikia redioni, kwa hiyo maneno yatajileta yenyewe.”

Nikanunua gazeti. Nasema nikanunua, maana jirani zangu wote husoma la bure pale kwenye meza ya magazeti, mikono nyuma, shingo mbele kama kanga anayenyemelea mtama. Kichwa cha habari kilisema waziri ame-“axe” wakurugenzi wanne. Nikafungua kamusi ya TUKI, nikasoma maana ya kwanza: shoka. Nikaifunga. Nikakaa kimya nikiwaza familia za marehemu.

Ukurasa wa pili, vyama viwili viko kwenye “row” kuhusu bajeti. Kamusi: mstari. Nikafurahi, angalau wanasiasa wetu wamejifunza kupanga foleni. Chini yake, kamati ya Bunge imem-“grill” meneja wa shirika moja. Hilo sikulitafuta hata kwenye kamusi. Mishkaki naijua.

Mpwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe waandishi wa Kiingereza wanabana nafasi: neno la herufi tatu linachukua kazi ya neno la herufi saba, na waziri anayefukuza watu kazi anakabidhiwa shoka, mzozo unaitwa mstari, na kuhojiwa vikali kunaitwa kuchomwa. Halafu hawana wakati uliopita. Mtu amefariki juzi, amezikwa jana, nimekula ubwabwa wa msibani, lakini kichwa cha habari kinasema anafariki. Nikitaka kujua serikali itafanya nini kesho, natakiwa kutafuta kijineno “to”, ambacho mwalimu wangu alinifundisha kuwa ni “kwenda”.

Marehemu baba hakupata tabu hii. Alikuwa na redio ya betri na Sauti ya Amerika, ambao tangu 1959 walikuwa na matangazo ya habari kwa Kiingereza chepesi: maneno kama 1,500 hivi, sentensi fupi, mtangazaji anasoma taratibu kana kwamba anamwekea mgonjwa matone ya macho. Baba aliongea Kiingereza hicho hicho hadi anakufa. Ukimuuliza swali kwa Kiingereza, uliweza kuchemsha chai kabla hajafika kwenye kitenzi.

Basi, nikiri jambo moja, ila mpwa asilisikie. Mvua ziliponyesha na bonde la Jangwani likajaa maji kama kawaida yake, gazeti liliandika kwamba abiria walikuwa “stranded”. Sikuhitaji kamusi. Mmoja wa abiria hao alikuwa mimi, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, naangalia upande wa pili wa barabara kama Musa aliyesahau fimbo. Neno hilo halitanitoka. Kesho yake likarudi tena, na keshokutwa, mpaka nikawa nalitumia nyumbani mwanangu anapoomba hela ya vocha: mwanangu, baba yako yuko stranded.

Kununua gazeti kila siku nimeacha. Nauli ya daladala inanitosha kwa maumivu. Siku hizi nasoma la mama wa maandazi pale kona, anayewafungia wateja kwa magazeti ya zamani. Mafuta yanafanya karatasi ioneshe upande wa pili, kwa hiyo unapata habari mbili kwa pamoja. Jana nilipata ya bei ya sukari, nikaelewa karibu yote, moyo unadunda, mpaka pale walipoandika kwamba inaendelea ukurasa wa nne.

Nimerudi leo asubuhi. Nimeshakula maandazi sita, na ukurasa wa nne bado.