Neema Aliyekuja Kuhasiwa

Muuza sungura hakosi jibu. Muulize huyu ni dume au jike, atamgeuza mnyama chali, atampuliza manyoya ya chini ya tumbo kwa utaalamu wote, kisha atakwambia kile ulichokuja kukisikia. Sisi tulitaka majike wawili, tukauziwa majike wawili. Watoto wakawaita Rehema na Neema. Neema ndiye aliyekuja kuota korodani.

Tusimwonee muuzaji. Sungura mchanga hana cha kuonyesha. Korodani zake hushuka akikaribia miezi mitatu, na hata zikishashuka, mwenyewe anaweza kuzirudisha tumboni akiogopa, kwa sababu ile njia zilikopita haizibi maisha yake yote. Neema alikuwa hodari wa kuzificha. Akija fundi bomba kuangalia, jike. Fundi akiondoka, dume, tena anamfukuza Rehema kuzunguka tangi la maji.

Mke wangu ni mhasibu. Aliposoma kwamba mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na kwamba mama akishajifungua anaweza kupandwa siku hiyohiyo, alichukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya kadi ya mchango wa harusi. Alifika vitukuu, akaiweka kalamu chini, akauliza daktari wa mifugo aliye karibu na Tabata ni yupi.

Wanaume wa mtaa wetu hawajawahi kuwa kitu kimoja kama walivyokuwa juu ya korodani za Neema. Timu zao za mpira tofauti, vyama vyao tofauti, lakini kwa hili walisimama pamoja. Kinyozi alisema tunaingilia kazi ya Mungu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu anayeishi nasi huku akitafuta kazi, alikataa kata kata kushika kikapu. "Shemeji, nibebeshe gunia la saruji, siyo hilo." Dereva wa bajaji aliuliza tunampeleka wapi huyu kitoweo. Nilipomweleza, akapiga hesabu zake kwa sauti: kwa pesa hiyo ya daktari mngenunua sungura wengine na mchele wa kuwalia. Halafu akanyamaza, na kila tuta alilivuka polepole mno, kama aliyebeba mgonjwa wa ukoo wake.

Kliniki wanaandika jina la mnyama, siyo la mwenye mnyama. Tukakaa kwenye benchi pamoja na mbwa watatu na mama mmoja mwenye paka, mara mlango ukafunguka na binti wa mapokezi akapaza sauti: "Neema aliyekuja kuhasiwa! Baba Neema yuko wapi?" Benchi zima liligeuka. Yule mama alinitazama kwa namna ambayo ilinibidi nifunue kikapu haraka.

Binti huyohuyo alikuwa ametuambia kwa simu kwamba mgonjwa asitie kitu kinywani tangu usiku. Daktari aliposikia alishika kichwa. Mbwa hushindishwa na njaa, alisema, ili asije akatapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni. Sungura hatapiki, hajaumbiwa kutapika. Tumbo lake limeumbwa kusaga mfululizo, na likikaa tupu likasimama, hilo ndilo linaloua. Hapo mtoto wetu mdogo akaungama, akitetemeka, kwamba alfajiri alimwibia Neema matembele kutoka jikoni. Daktari alimpa mkono kama wanavyopeana wakubwa. Tangu siku hiyo mtoto hatusikilizi kwa lolote linalohusu chakula.

Kuhusu hatari, daktari hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Waingereza waliwahi kufuatilia maelfu ya wanyama waliopewa nusukaputi, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: mbwa waliokufa walikuwa asilimia 0.17, sungura asilimia 1.39. Sungura aliyeingia akiwa na afya yake nafasi ni nzuri zaidi, vifo asilimia 0.73, lakini bado si mchezo. Kinywa ni kidogo, koo halionekani, mpira wa kupumulia unaingizwa kwa kubahatisha. Na zaidi ya nusu ya sungura waliokufa katika ule utafiti hawakufia kwenye kisu. Walikufa upasuaji ukiwa umekwisha. "Kwa hiyo," daktari akasema akituonyesha kwa kidole, "nusu ya kwanza ni yangu. Ya pili, yenye vifo vingi, ni yenu." Mke wangu akasaini. Mimi nilikuwa nasoma kwa makini bango la chanjo ya kichaa cha mbwa.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia. Walimfanyia, wakaiziba na ile njia ya kinenani ili utumbo usije ukateremka nao, wakamrudisha kwenye kikapu akiwa na macho wazi na akili haipo.

Kazi ilianzia nyumbani. Agizo la kwanza lilikuwa joto. Mnyama akitoka kwenye nusukaputi mwili wake haujui kujipasha, kwa hiyo tulijaza maji ya vuguvugu kwenye chupa za soda, tukazifunga kanga, tukazipanga ubavuni mwake. Ilikuwa Desemba. Dar es Salaam. Feni ikazimwa ili upepo usimpige mgonjwa. Tukakaa sebuleni tunatiririka jasho tukimlinda sungura asipate baridi.

Na katika hali hiyo ndipo mama mkwe alipoingia kutoka Kongwa.

Mkwe na mama mkwe wana mambo ya kuzungumza na mambo ya kukaa kimya, na korodani ziko ndani kabisa ya orodha ya pili. Nilimwamkia, nikamkaribisha, nikaeleza kwa kuzungukazunguka kwamba mnyama huyu amefanyiwa, yaani, shughuli ndogo ya kiafya. Mama akainama, akafunua kanga. "Mmemtoa mapumbu." Ndiyo, Mama. "Sisi mbuzi tunawabana kwa koleo, wanasimama wanaendelea kula. Huyu mbona amelala kama waziri?" Kisha akauliza atachinjwa lini, maana kwao mnyama hahasiwi bila sababu, anahasiwa anenepe. Watoto wakaanza kulia. Shemeji akatoka nje.

Lakini neno lake moja lilikuwa la kweli: mbuzi anaendelea kula. Neema hakula. Tulimletea mchicha, matembele, nyasi mbichi, majani ya karoti yaliyotoka Kisutu. Kila kitu alikigeuzia pua, sizitaki mbichi hizi. Daktari alikuwa amesema nusu siku bila kula tumpigie, hata iwe usiku wa manane, kwa sababu maumivu humzuia sungura kula, kutokula husimamisha tumbo, na tumbo lililosimama huongeza maumivu. Tukapiga. Akatuambia tumpe dozi ya dawa ya maumivu aliyotufungia, kisha tuloweke vile vidonge vya chakula cha sungura viwe uji, tuuvute kwa bomba lisilo na sindano, tumwingizie pembeni ya kinywa, nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone asije akapaliwa. Mwenye mkono mtulivu aligeuka kuwa mama mkwe. Alimfunga Neema kanga barabara, akamlisha huku akimsema: unasumbua, umekuwa mtoto wa mjini, meza.

Jirani alikuja na msaada wake: kapsuli za amoksilini zilizobaki mumewe alipotibiwa jino, "mfungulie moja tu kwenye maji, kidonda kikauke." Nilishukuru nikazipokea. Daktari, tulipomtajia, alipiga kelele hadi simu ikakoroma. Amoksilini ya kumeza huua vijidudu vyema vya tumboni mwa sungura, vibaya vikazaliana, na baada ya hapo ni kuhara na kuzika. Kidonda hakina shida. Mgonjwa angekuja kuuawa na tiba yake.

Halafu tukasubiri choo. Sijui kama naweza kumweleza mtu asiyefuga ni kitu gani hasa, lakini kinyesi cha sungura ni punje kavu za duara, na zikionekana baada ya upasuaji maana yake tumbo linatembea, mgonjwa anaishi. Nyumba nzima, watu wenye kazi zao na vyeti vyao, tulikuwa tunapokezana kufunua kitambaa kwa tochi. Punje ya kwanza ilitoka usiku mkubwa, ndogo, imekunjamana. Mke wangu alipiga kigelegele. Mama mkwe aliihesabu: moja. Shemeji, ambaye hadi hapo alijifanya hayumo, aliipiga picha na kuituma kwenye kikundi cha familia.

Kilikuwa kikundi cha harusi ya binamu. Saa hiyo ya usiku mwenyekiti wa kamati alikuwa macho, akauliza kama huo ndio mchango.

Siku zilizofuata zilikuwa nyepesi. Maranda ya mbao tuliyaondoa bandani, yasije yakanata kwenye mshono, tukatandika vitenge vizee. Asubuhi na jioni anaangaliwa: uvimbe mdogo unavumilika, ukikua, ukitoa majimaji au ukinuka, anarudi kliniki. Nilipendekeza avishwe lile plastiki la shingoni la mbwa asilambe mshono. Haifai. Sungura hutoa choo cha aina mbili, na kile laini hukila mwenyewe moja kwa moja kutoka kinapotokea. Ndimo zilimo vitamini zake. Mama mkwe alikuwa mezani wakati naeleza haya. Aliisukuma sahani, akasema kwao Kongwa watu hula kwanza ndipo wakaulizana habari.

Ni yeye pia aliyeuliza swali ambalo wenye elimu tulikuwa tumelisahau: "Na mkewe je? Atalala wapi?" Maana dume aliyehasiwa leo bado ana akiba, na akiba hiyo inaweza kumpa mimba jike hata wiki nne mpaka sita baadaye. Rehema akahamishiwa chumba cha shemeji. Alikula waya wa chaja yake, kona ya godoro lake, na barua moja ya kumwita kwenye usaili. Usiku Neema alikuwa anapiga mguu sakafuni upande wa pili wa ukuta, du, du, na Rehema anajibu, na shemeji yuko katikati.

Wiki zilipoisha tuliwarudisha pamoja, na daktari akatukumbusha kwamba jike asiyetolewa kizazi, akishapita umri wa miaka mitatu hivi, yuko kwenye hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba. Upasuaji wake ni wa tumboni, mrefu zaidi na ghali zaidi. Mke wangu akaenda kuitafuta ile kadi ya mchango. Habari zikafika Kongwa, na mama mkwe akapiga simu, sauti ikiwa wazi sebule nzima isikie.

"Kwa hiyo alianza Neema, sasa zamu ya Rehema. Mwambieni huyo mwanangu afanye haraka kutafuta kazi. Mnamaliza mmoja mmoja hapo."

Shemeji alipata kazi Kahama mwezi uleule.