Sifa za Rezo Inayokatika

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mlioketi dirishani kwa sababu hapo ndipo simu inaposhika: naomba nafasi nimsifu mtu mnayemlaani kila siku. Siisifu wifi. Wifi ina wapambe wake, wenye maduka na wenye mabango. Namsifu Kukatika, yule anayeingia saa ile ile picha ya bibi harusi wa Lubumbashi imeteremka hadi kwenye kilemba na uso bado haujaonekana.

Msinicheke. Nzi alisifiwa na Lukiano wa Samosata katika karne ya 2, na upumbavu ukasifiwa na Erasmus katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511. Kukatika ni kitinda mimba wa ukoo huo. Kanuni za kwanza za wifi zilitoka mwaka 1997, jina lenyewe likaanza kutumika mwaka 1999, na huyu bwana alihamia humo siku hiyo hiyo, pengine asubuhi yake.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba anatulazimisha kuuliza. Rezo nzuri, yaani mtandao usioyumba, haimfundishi mtu kitu. Huitumia asijue inatoka wapi wala inapita wapi. Siku ikikatika, hata yule aliyekuwa akisinzia katika somo la fizikia huinuka na kusema: sasa kimekatika nini? Maana viungo ni vingi. Kwetu Wamaza, katika nchi hii ya Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema huku Kongo, hakuna waya wa intaneti unaofika mlangoni. Kuna pano la umeme wa jua juu ya mabati, batri chini ya meza, ruta yenye kadi ya simu, mnara wa kampuni, na nyuma ya mnara dunia nzima. Simu ikinuna, haisemi ni kiungo gani kilicholegea. Kukatika ndiye anayeituma kaya yote kwenda kutafuta.

Na njia ya kutafuta ni fupi kwa anayeijua. Simama karibu na ruta, ufungue ukurasa wake wa ndani, ule wa namba 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kisanduku. Ukifunguka, hewa ya nyumbani mwako ni nzima. Kilichokufa kiko nje, mnarani au kwenye mega zilizokwisha. Usipofunguka, ugonjwa uko ndani, na hapo mwache mwenye mnara apumzike. Kuna watu wazima huilaani kampuni ya simu jioni nzima, kumbe mtoto ameng'oa plagi ili achaji taa ya mkononi.

Kiungo kinachosingiziwa kidogo na kukosa sana ni batri. Ruta nyingi huomba volti 12. Batri ya risasi iliyoshiba na kutulia hupima volti kama 12.7, ikifika 12 imebakiwa na kidogo sana, na televisheni ikiwashwa inashuka tena kwa ghafla. Laiti ruta ingezimika moja kwa moja, mambo yangekuwa rahisi. Haizimiki. Inayumba, inajiwasha upya, inazihesabu taa zake dakika mbili tatu, wifi inarudi, watu wanashangilia, mtu anaongeza sauti ya televisheni, inaanguka tena. Mwenye nyumba anaona wifi mbovu. Mwenye kipimo cha volti anaona batri iliyozeeka. Rezo ikikatika kila usiku mpira ukianza, usitafute mchawi mbali. Na ikikatika adhuhuri, panda kwenye kiti uiguse ruta uliyoitundika chini kidogo tu ya mabati: utaondoa mkono haraka kwa joto lake.

Nani mwingine angetufundisha ujenzi? Tulipopaua kwa mabati, tuliwaza mvua na jua tu. Kukatika ametuonyesha kwamba chuma hurudisha mawimbi yalikotoka, kwamba pipa la maji huyanywa, na kwamba ukuta wa matofali ya kuchoma huyapunguza, na ukuta wa pili huyapunguza tena. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa kama sentimita 12 na nusu, yanajitahidi kupenya. Yale ya gigahezi 5 ni mepesi kwa kazi na mavivu kwa safari, ndiyo maana simu inafurahi sebuleni na kukata tamaa jikoni. Halafu kuna mwenye mali anayeifungia ruta ndani ya kabati la chuma isiibiwe, akalala na ufunguo shingoni, kisha akalalamika kwamba rezo haitoki. Itoke wapi, baba?

Antena nayo ina kisa chake. Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo kuwa makao yake, husemwa alipata jina kwa mlio wa bunduki zake, na wengine husema ni kwa macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Angekuwa hai leo angempenda sana Kukatika, kwani ruta inayotafuta rezo hupepesa taa zake kama macho yale, na watu wetu huishika antena kama gobori: wanailenga kitandani, ncha mbele, wakingoja ifyatue. Antena si bunduki. Nguvu zake hutoka ubavuni, kuzunguka pande zote, na nchani hutoka kidogo mno. Aliyejielekezea ncha amejichagulia mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Isimamishe wima, juu ya rafu, katikati ya nyumba, uiache.

Sasa nifike kwenye sifa ambayo wapinzani wake hawana jibu nayo. Huyu Kukatika ndiye aliyewafanya watu wawe werevu katika kusema kwa mbali, tangu zamani za mababu. Katika misitu ya Kongo habari zilikuwa zikipita kijiji hadi kijiji kwa ngoma ya mti iliyochongwa ikawa na mdomo. Ngoma ile haina maneno. Ina sauti ya juu na sauti ya chini tu, na maneno mengi hufanana yakibaki na sauti hizo pekee. Upepo ukivuma, mvua ikinyesha, nusu hupotea njiani. Basi wapigaji hawakutaja kitu kwa neno moja. Walikitaja kwa fungu refu la maneno lililozoeleka, wakarudia na kurudia, ili msikilizaji aliyekosa kipande akijaze mwenyewe. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na Kisangani na kujifunza kupiga ngoma hizo, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1949.

Wifi hufanya vilevile, ila kimyakimya. Kila kifurushi cha habari ambacho ruta inakituma kwenye simu yako husubiri jibu fupi la kusema kimepokewa. Jibu lisipokuja, ruta inarudia. Lisipokuja tena, inarudia polepole zaidi, kama mtu anayesema na mzee aliye mgumu wa kusikia, na mwishowe inakata tamaa. Ndiyo sababu rezo iliyo karibu kukatika huanza kwa kuwa nzito: si uvivu, ni marudio. Wapigaji wa ngoma na wahandisi wa mwaka 1997 hawakukutana popote, lakini wote walikaa chini wakawaza kwa sababu ya bwana mmoja, ambaye mpaka leo hana hata barabara yenye jina lake. Dunia isiyopoteza maneno njiani isingehitaji ufundi wowote ule. Ingetosha kupiga kelele.

Tena hana upendeleo. Visanduku vile vidogo vya mfukoni, vinavyogawa rezo kwa kaya nzima, vingi haviruhusu zaidi ya simu 10 au 16. Neno la siri umempa shemeji, shemeji kampa fundi cherehani, fundi cherehani kawapa wateja. Idadi ikijaa, anayefuata hukataliwa, awe chifu, awe shehe wa msikiti, awe padri. Ni utawala gani mwingine unaowatendea wakubwa hivyo na wakaondoka wakitabasamu?

Hapa lazima niweke mpaka, nisije nikaonekana nasifu kila kinachokata. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti nchi nzima, ikairudisha baada ya siku kama 20. Huyo hakuwa bwana wangu. Bwana wangu hafuati amri, hana chama, na dawa yake ni kuzima na kuwasha. Aliyekata mwaka ule ungezima na kuwasha mpaka kitufe kichakae.

Bwana wangu ni mlinzi wa amani ya ukoo. Mnajua wenyewe jinsi ilivyo: jirani yangu mmoja ana mjomba wake Kindu, naye mjomba ana madai ya mbuzi wa harusi, deni la zamani, ambalo kila upande unalikumbuka kivyake. Mjomba akipiga, jirani husikiliza salamu kwa heshima zote, habari za watoto, habari za mashamba ya mpunga, na mazungumzo yakianza kuelekea malishoni anasema: "Mjomba, sikupati... rezo... inakati..." Kimya. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyekosa adabu, hakuna aliyesema uongo mbele ya mashahidi. Mjomba anajua, jirani anajua kwamba mjomba anajua, na harusi nyingine wanakaa sinia moja. Niambieni chombo kingine kilichoweka akiba ya mbuzi wengi kiasi hicho katika Maniema.

Wapo wanaosema mwisho wake umekaribia. Mwezi wa Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Kinshasa iliipa Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ruhusa, baada ya kuipiga marufuku mwaka uliotangulia, na sasa kila mwenye ndugu mwenye uwezo anasubiri sahani. Setilaiti zake hupita juu kwa kama kilomita 550, karibu sana ukizilinganisha na zile za zamani zilizo kilomita 35,786, kwa hiyo sauti haichelewi sana. Lakini hazikai mahali pamoja. Zinapita, moja ikishuka nyingine inapanda, na sahani lazima ione mbingu wazi. Sasa tazameni mbingu za nyua zetu. Zimejaa miembe, ile ambayo wazee husema ililetwa na Waungwana, watu wa Tippu Tip, na hakuna mtu wa hapa atakayekata mwembe wa babu kwa ajili ya video. Tawi moja tu likikaa kwenye njia ya setilaiti linatosha: sekunde chache simu iko, sekunde chache haiko. Mvua nzito nayo ikija, inaongeza za kwake. Bwana wangu amehamia juu tu.

Adui wake wa kweli ni fundi. Mwezi uliopita alifika mmoja kwa jirani yangu, kijana mpole, hakuomba hata kiti. Alipima batri, akaitenga televisheni. Akaitoa ruta kwenye kabati la chuma, akaipandisha juu ya rafu, antena wima. Akafuta neno la siri la zamani, akaweka jipya, akamnong'oneza mama mwenye nyumba peke yake. Akazima ule mtindo wa simu wa kujikata kioo kikilala ili kulinda chaji. Akanywa chai, akalipwa, akaenda zake. Jioni hiyo video ya mjomba ikaingia, sura yote, hata mvi za ndevu zinahesabika, na sauti imetulia kama yuko barazani.

"Unanisikia vizuri, mwanangu?"

"Nakusikia, mjomba."

"Na kuniona unaniona?"

"Nakuona."

"Alhamdulillahi. Basi tumzungumzie yule mbuzi."