Hayawahusu na Mwenyekiti

Kila siku ikifika saa nne usiku, mimi mtu mzima, baba wa watoto watatu na mweka hazina wa kikundi cha kuzikana, nasimama getini nimevaa msuli na kandambili, napaza sauti mtaa mzima unasikia:

"Hayawahusu! We, Hayawahusu!"

Sigombani na mtu. Namwita mbwa.

Jina sikumpa mimi. Mbwa huyu nimemrithi kwa mpangaji wa nyumba ya tatu, ambaye alikuwa hasemeshani na nusu ya mtaa. Huku kwetu Tabata mtu akiwa na neno lililomkaa kooni, hulitafutia pa kulipachika. Wengine hununua kanga yenye maneno, wengine huandika nyuma ya daladala, wengine humpa mbwa. Lakini kanga huvaliwa kimya, na daladala hupita ikaenda zake. Mbwa lazima aitwe, tena kwa sauti, asubuhi na jioni. Nimewahi kumjua mbwa aliyeitwa Mtajiju na mwingine Tutabanana Hapahapa. Huyu mpangaji alipohamia kwenye nyumba isiyotaka mbwa, ugomvi wake aliondoka nao. Mimi aliniachia mbwa, mnyororo na sufuria lisilo na masikio.

Nilijaribu kumbadilisha jina. Wiki mbili nzima nikamwita Simba. Nikiita Simba, na yeye anageuka kuangalia getini, kama anayemsubiri huyo Simba aje. Siku nilipochoka nikasema Hayawahusu, tena kwa kunong'ona, akatoka uvunguni mwa gari la jirani mbio, mkia unapiga ndoo.

Gharama ya jina hilo nimeilipa mimi. Mama wa barafu, ambaye ukuta wetu ni mmoja, alininunia miezi mitatu. Jioni moja alikuwa barazani kwake na wenzake, wamesogeza vigoda, wanazungumzia ndoa ya watu. Hadithi imefika pale pazuri, mimi nikatokeza kichwa ukutani nikaita mbwa wangu. Kimya kilichofuata hakijawahi kutokea Tabata tangu nihamie. Kesho yake wanangu walipokwenda kununua barafu waliambiwa zimekwisha, na jokofu lilikuwa wazi wanaziona.

Nilimchukua mbwa awe mlinzi. Nikamlipa fundi wa mabango aandike getini MBWA MKALI, akaongeza na picha, kichwa kinachofanana na mbuzi aliyedhulumiwa. Mwezi wa pili wa ulinzi, koki ya bomba la nje ikang'olewa usiku. Hayawahusu alikuwepo kazini. Asubuhi tulikuta bomba linatiririka, mfuko mtupu wa maandazi, na mlinzi ameshiba. Ukali wake ameuweka akiba kwa watu watatu: msoma mita, kijana anayezoa taka, na mimi nikivaa kofia. Nikitoka na baraghashia hanijui kabisa. Hiyo pua ya mbwa inayosifiwa dunia nzima, inayonusa dawa za kulevya ndani ya mabegi viwanja vya ndege, kwake inazibwa na kofia ya mkono.

Hilo ni la nje. La ndani lilianza na panya.

Mimi sina chuki na panya wote. Wapo panya wenye adabu zao. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini, na wengine hunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu. Mwaka uliofuata akastaafu kwa heshima, jambo ambalo wengine tunaliombea. Wa kwangu hawakupata elimu hiyo. Walikula waya wa jokofu, wakala sabuni ya mche, wakamalizia na robo ya cheti cha ndoa, upande wenye jina langu.

Mke wangu akaenda Feri kununua samaki, akarudi na kapu linalolia. Ndani yake paka wa rangi ya majivu, mwenye masikio makubwa kuliko sababu ya kuletwa kwake. Siku ya kwanza alikagua nyumba chumba kwa chumba, kimya, mkia juu, kama ofisa ardhi. Kisha akapanda kwenye kiti changu, kile kimoja tu cha seti ambacho sponji yake haijazama, akajizungusha mara mbili, akajikunja. Ni mwaka wa nne sasa. Panya alimuua mmoja, akamhifadhi ndani ya kiatu changu cha kazini. Waliobaki walihama wenyewe, nadhani kwa harufu tu, maana kwa bidii yake wasingehama.

Wanangu wakamwita Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye mwenye kiti. Hawakukumbuka kwamba mtaa unaye Mwenyekiti mwingine, aliyechaguliwa kwa kura.

Nyumba zetu zimebanana, na madirisha ni ya nyavu. Mpita njia anasikia kila kitu, ila haoni. Akipita asubuhi anasikia mke wangu: "Mwenyekiti huyo! Kala samaki wa watu!" Akipita mchana anamsikia binti yangu: "Mama, Mwenyekiti hakulala nyumbani, karudi sikio limechanika." Na siku moja, mimi mwenyewe, nimekasirika kwelikweli, nikatamka kwa sauti ya kuhutubia: "Mwenyekiti dawa yake ni moja tu, kuhasiwa!"

Jioni mwenye cheo akaja. Alikuwa mpole. "Mzee mwenzangu," akasema, "ukiwa na malalamiko, ofisi iko wazi. Si lazima upitishie kwa majirani." Nikamkaribisha sebuleni, nikamwonyesha paka. Alimtazama. Paka naye akafumbua jicho moja, akamtazama. Wenyeviti wawili, na aliyekuwa amekaa ni mmoja.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo ninapotaka kuonewa huruma. Mbwa anakula ugali wa dona uliosongwa na dagaa, na miguu ya kuku Jumapili. Paka hali dagaa. Paka aliyezaliwa chini ya meza za Feri, mama yake alikuwa anaokota magamba, huyu hali dagaa! Anataka vibua, wachemshwe bila chumvi, wapoe, wachambuliwe miba. Baba mwenye nyumba anakula mchicha. Jambo moja tu nampongeza: ulimi wa paka haujui utamu. Ameumbwa hivyo, yeye na ndugu zake simba na chui. Kwa hiyo ndiye mkazi pekee wa nyumba yangu asiyegusa kopo la sukari.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani. Alipokuja kututembelea, Mwenyekiti alishuka kitini, jambo lisilotokea hata kukiwa na tetemeko, akaenda kumlalia mapajani. Mama akafurahi, akanieleza habari za swahaba Abu Huraira, ambaye jina hilo maana yake ni baba wa kipaka. Paka ni msafi, akasema, paka ni mtu wa nyumbani. Mbwa je? Mama alikusanya baibui lake akapita ukutani kiupandeupande kama kaa.

"Baba, sina ugomvi naye," akaniambia. "Naulinda udhu wangu."

Hilo halina mjadala pwani. Chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba mbwa wa ulinzi ameruhusiwa.

"Wa ulinzi, ndiyo," akasema. "Huyu wenu analinda nini, baba, na hata koki hamna?"

Sikuwa na jibu. Lakini siku ya tatu, jua la saa saba likiwa limesimama juu ya bati, nikamkuta mama ameinama uani. Amemimina maji kwenye lile sufuria lisilo na masikio, analisukuma kwa mpini wa fagio kuelekea kwa mbwa, pole pole, hatua moja mbele, nusu nyuma. Hayawahusu naye alikuwa amelala tumbo chini, ametulia, kama anayejua kwamba akiinuka tu mama ataruka ukuta.

"Yule mtu wa zamani alimteremkia mbwa kisimani," mama akasema bila kunitazama, "akamchotea maji kwa kiatu, Mungu akamsamehe. Mimi nina bomba. Nitajiteteaje?"

Alipoondoka kurudi Pangani, Hayawahusu alilala kwenye kizingiti cha chumba cha wageni siku mbili. Tukamsogezea ugali hapohapo. Niliongea sana siku hizo kuhusu mbwa asiyejua kazi yake, lakini nilikuwa nampita kwa kuruka, sikumwamsha.

Kisha ikaja chanjo. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa. Ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya kumchanja kijana wa Kifaransa aliyeng'atwa na mbwa, akapona. Huku kwetu walichanja bure kwenye uwanja wa shule. Nikaenda, mbwa kwenye mnyororo, paka kwenye gunia la mkaa lililokung'utwa. Foleni ilikuwa ndefu, mbwa wa kila sampuli, wanaonusana na wenye mbwa wasiosalimiana. Mezani alikaa kijana wa koti jeupe na daftari.

"Jina la mbwa?"

"Hayawahusu."

Akainua macho. "Mzee, nauliza kwa ajili ya kumbukumbu."

"Hayawahusu."

"Mzee, hii ni kazi ya serikali. Inatuhusu."

Foleni nzima ikageuka. Mtoto mmoja nyuma yangu, Mungu amlipe, akasema, "Dokta, ndilo jina lake, sisi wote tunamjua." Kijana akaandika huku anauma midomo. Akatazama gunia linalotikisika.

"Na huyu?"

"Huyu Mwenyekiti."

Akaweka kalamu chini, akamwita mkubwa wake.

Mkubwa wake, daktari wa mifugo wa makamo, hakucheka. Alimshika Hayawahusu kichwani, akamchoma sindano kabla hajajua, akatugeukia wote. Ugonjwa huu, akasema, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, hakuna hospitali itakayokutibu ukapona. Karibu kila anayeupata huupata kwa mbwa, na wanaong'atwa zaidi ni watoto, kwa kuwa ndio wanaocheza nao. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo. Usipake mafuta ya taa, usifunge majani, usingoje kesho. Nilimtazama yule mtoto aliyenitetea. Ndiye anayempanda Hayawahusu mgongoni kila akitoka shule. Malalamiko yangu ya foleni yakaniishia mdomoni.

Sasa ngoja niwaambie la wiki iliyopita. Mvua ilikuja na radi, na mlinzi wangu anaogopa radi. Geti lilikuwa wazi. Saa nne nikatoka na msuli wangu kuita kama kawaida, hakuja. Nikaita mpaka kona ya duka la Mangi, hakuja. Maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, umeme umekatika, nami naita neno la matusi gizani nikiwa peke yangu.

Kisha ukuta wa pili ukajibu. "Hayawahusuuu!" Alikuwa Mama wa barafu, khanga kichwani, tochi ya simu mkononi. Mangi akafungua dirisha la duka naye akaita. Fundi wa mabango akaita. Watoto wakachungulia kwenye nyavu, wakaita kwa pamoja kama wanaimba. Hata Mwenyekiti, yule wa kura, akatoka na mwavuli. Mtaa mzima ukawa unapiga kelele hayawahusu, kila mmoja na buti au ndala ndani ya maji, akitafuta kitu ambacho hakimhusu.

Alikuwa chini ya meza ya banda la chipsi, anatetemeka, amekumbatia ndoo ya maganda ya viazi. Nikambeba. Ni mbwa mkubwa, na njia nzima nilimsema: kula yake, uoga wake, koki yangu. Alikuwa ameniwekea kidevu begani, hajibu.

"Baba Hayawahusu," Mama wa barafu akasema tulipofika, "siku nyingine funga geti lako."

Nina watoto watatu, wote nimewapa majina ya wazee wetu. Mtaa umechagua kuniita kwa la mbwa. Asubuhi wanangu walitumwa barafu, na safari hii zilikuwepo.

Usiku ule tulipoingia, Mwenyekiti alishuka kitini, akaenda kumnusa mbwa aliyelowa, kichwa mpaka mkia, akaketi kando yake. Nikaona nafasi, nikakikalia kiti changu. Kilikuwa cha moto. Nilikaa dakika mbili, akarudi, akasimama mbele yangu akinitazama, nikampisha. Safu hii naiandika nikiwa kwenye stuli ya jikoni.

Mpelekeni mbwa wenu chanjo, na paka pia. Hilo linawahusu.