Tovuti ya Mabati

Mama mmoja wa Mbagala, muuza mabati na misumari, alitaka tovuti: picha, bei, namba ya kulipia. Basi. Vijana wawili wa Kijitonyama wakapokea kazi na kuitisha kikao: waiandike kwa lugha ipi ya programu ya kifunksheni, Haskell au Elixir?

Wa kwanza akasema Haskell, lugha ya mwaka 1990, ndiyo safi: thamani ikishawekwa haibadiliki, na funksheni haigusi cha nje bila kibali. Sifa njema, ila duka kazi yake ndiyo hiyo ya kugusa vya nje: pesa iingie, misumari itoke, na bei ya asubuhi siyo ya jioni.

Mwenzake akashikilia Elixir, kwa kuwa inaendeshwa na mtambo wa Erlang, lugha nyingine ya kifunksheni iliyozaliwa kampuni ya Ericsson, Uswidi, miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Waje wateja milioni kwa mpigo, haitetereki! Wateja milioni, wa misumari, Mbagala Rangi Tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Tovuti imefika wapi?"

"Bado tunachagua lugha."

"Haya, chagueni taratibu."

Yeye hakungoja. Picha za mabati anazirusha WhatsApp, na oda zinamiminika. Seva za WhatsApp nazo zilijengwa kwa Erlang. Kwa hiyo kati ya watatu hao, anayefanya biashara kwa lugha ya kifunksheni ni mmoja, na hana habari.

Wataalamu nasikia wameafikiana: wataiandika yote upya kwa Clojure. Upya, na hata mstari mmoja haujaandikwa.