Lambo Juu ya Sebule

Tangu uchimbaji wa chini ya ardhi urejee kwenye mgodi wa Bulyanhulu mwishoni mwa 2020, Bugarama imeshikwa na homa ya kuficha mabati. Pita barabara ya kwenda Kahama uone mwenyewe: kuta zimenyooka mpaka juu, nyeupe na kijivu, madirisha mapana ya vioo, na bati halionekani hata usimame mbali. Miaka ile mgodi ulipopunguza kazi, kuanzia 2017, wapangaji walihama na vyumba vikabaki na popo. Fedha iliporudi, ilirudi na michoro mipya.

Mume wangu si mtu wa kuachwa nyuma na michoro. Kazi yake ni kunyonya maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Ana pampu, ana mipira, ana vijana, na mwenye duara likijaa maji usiku wa manane humpigia yeye kabla ya kumpigia mganga. Wengine humlipa fedha taslimu, wengine humlipa mifuko ya mawe, na mwaka mmoja mawe ya mteja fulani yalipotoka karashani yakawa na cha kusema. Hayo ndiyo yaliyojenga nyumba yetu. Nayataja mapema ili ijulikane kwamba katika mkasa huu wote, aliyekuwa akishindwa na maji ni mtaalamu wa maji.

Fundi alitoka Kisarawe, Mzaramo wa kuzaliwa, simu yake imejaa picha za nyumba za Mbezi na Kigamboni. Mama mkwe ni Mnyamwezi wa upande wa Tabora. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, kwa hiyo siku mama alipokuja kuona msingi, fundi alikwisha kwa maneno kabla hajapewa chai.

"Mtani, hapa maji ya mvua yatashukia wapi?"

"Yataingia kwenye gata, bibi, kisha kwenye bomba."

"Na gata liko wapi?"

"Ndani ya ukuta. Halionekani."

"Kwa hiyo maji yataingia ndani kwanza, halafu ndiyo muyaombe yatoke."

Wanaume wakacheka sana, kwa sababu neno la mtani ni la kuchekwa. Mimi nikauliza upenu utakuwa upande gani, maana nina ndoo zangu za kukingia maji na nina mahali ninapopenda kusimama mvua ikinyesha. Fundi akanitazama kwa huruma. "Shemeji, kontemporari haina upenu."

Ndivyo ilivyo. Nyumba ya kawaida hutoa bati futi mbili nje ya ukuta, na maji hurushwa mbali na nyumba hata mwenyewe ukiwa umelala. Nyumba ya paa la kuficha hufanya kinyume chake. Bati lina mwinamo mdogo tu, limezungukwa na ukuta wa parapeti uliolipita kwa futi tatu hivi, na maji yote yanakusanywa pembezoni kabla ya kutafutiwa njia. Kazi zote za upenu zinabaki kwenye ukingo: kichwa cha ukuta, maungio ya bati na ukuta, gata, na tundu la kutokea maji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye picha ya simu.

Tulihamia kiangazi. Watu walikuja kuitazama nyumba, wakapiga picha getini kama yao, na mume wangu akanunua kiti cha kukaa nje jioni, akielekea barabarani. Vumbi jekundu la Bugarama lilitulia juu ya parapeti kimyakimya, wala hatukulijali.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku. Asubuhi kona ya sebule ilikuwa na doa la ukubwa wa sahani. Baada ya wiki likawa sinia, lenye kingo za kahawia, na rangi ya ukutani ikaanza kuvimba malengelenge. Chumba cha watoto nacho kikapata lake. Kila mtu akaja na elimu yake. Mume wangu alisema ni misumari. Fundi, ambaye kwa wakati huo alikuwa Kakola akificha bati la mtu mwingine, alikuja na bomba la silikoni akapaka kila mahali bati lilipokutana na ukuta, juu ya plasta aliyokuwa amezibia mwanzoni. Akaondoka anapiga mluzi.

Plasta ile ndiyo iliyokuwa imepasuka, na silikoni iliyopakwa juu ya vumbi haikuwa na la kushika. Bati ni chuma na chuma hutembea. Kipande cha mita 6 kikipanda joto nyuzi 40, na juani hupanda zaidi ya hapo, hurefuka karibu milimita 3. Jioni kinarudi. Ukuta hauna habari. Ukiviunganisha hivyo viwili kwa saruji, ufa umeshauagiza, unachosubiri ni siku ya kuupokea.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alidharau silikoni. Alipata debe la lami, akaichemsha uani, akapanda nayo akapaka gata lote mpaka juu ya parapeti kwa ukarimu. Jua la siku mbili likailainisha. Mvua iliyofuata haikuingia sana ndani, nakiri, lakini ukuta wa mbele, ule mweupe wa kuelekea barabarani, ulichirizika michirizi myeusi kuanzia juu mpaka kwenye fremu za madirisha. Wapita njia waliulizana kama kuna msiba. Kiti cha jioni kikahamishiwa nyuma ya nyumba.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Hapa utani ulikoma, kwa sababu huku Msalala mvua ya mawe si jambo la kusimulia huku unatafuna karanga. Machi 2015, pale Mwakata, ilipiga usiku mmoja na kuua watu wapatao 40. Kuta za udongo zililowa, zikaangukia watu waliolala. Mama mkwe alikuwa kwetu siku hiyo ya mawe yetu. Aliwatoa watoto chumbani mwao, akawaweka koridoni katikati ya nyumba, akakaa nao sakafuni mpaka mwisho, bila neno.

Kuta zetu ni za tofali za saruji, hazikuanguka. Kilichotokea ni kwamba barafu ilijaa ndani ya gata na kuziba matundu mawili ya bomba la inchi 2. Maji hayakuwa na pa kwenda. Yalipanda mpaka yakavuka ncha ya chini ya bati na kuingia kwa urefu wote wa nyumba. Dari la jipsamu likabeba lilichoweza kubeba, halafu likashuka juu ya makochi pamoja na taa yake. Asubuhi mama alipanda ngazi vipande vinne tu, akachungulia, akateremka. "Mmejichimbia lambo," alisema. "Bado kuleta ng'ombe."

Mume wangu akakaa na kalamu. Kwa maduara yeye hutoza kwa hesabu ya maji, kwa hiyo hesabu hizi anazijua. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 limepokea lita 5,000. Letu ni kubwa kuliko hapo. Aliandika, akakunja karatasi, akaniuliza kama chai ipo.

Kutafuta maji yanapoingilia kulikuwa kazi ya Jumapili nzima, na nusu ya mtaa ilihudhuria. Mume wangu alileta pampu yake ya duarani, ile iliyozoea kutoa maji chini ya ardhi, sasa ipandishe maji juu ya nyumba ili tujue yanavyotuingia. Kijana mmoja alishika mpira juu ya paa, shemeji alikaa darini na tochi, na mama mkwe alikaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini, akitoa amri. Kijana alitaka kumwagia kila mahali kwa pamoja. Mama akamkataza: aanze chini, kwenye gata peke yake, asubiri, kisha maungio ya bati na ukuta, asubiri, kichwa cha ukuta kiwe cha mwisho. Ukianzia juu, maji yatapita kote na hutajua yameingilia wapi. Tena yakishaingia hutembea juu ya mbao za kenchi, yakadondokea mbali na tundu lenyewe. Lile doa letu la sebule lilikuwa na mama yake upande wa pili wa kenchi.

Gata likawa salama, kasoro lilikuwa limelala bapa bila mwinamo. Kwenye maungio, shemeji alipiga kelele kabla hata mpira haujatulia. Kichwa cha ukuta kilichukua muda. Tulikuwa tumeanza kula ugali, darini kimya, kisha sauti ikasema kwamba ukuta unatoka jasho kwa ndani. Parapeti ilikuwa imepigwa plasta tu juu, bapa, yenye nyufa nyembamba za jua, na tofali lilikuwa likinywa mvua kutokea utosini.

Fundi aliitwa. Kwa heshima yake niseme alikuja, na alisimama mbele ya mama mkwe bila kofia.

"Mtani," mama akasema, "sisi Unyamwezi tulikaa kwenye tembe. Paa bapa, la udongo. Lakini miti yake ilitoka nje ya ukuta mkono mzima, na kila mwaka kabla ya mvua watu walipanda kukandika upya. Hata Kwihara, tembe walilokaa Livingstone na Stanley, kalitazame."

Fundi akatabasamu, akakiri kwamba aliwahi kufanya vibarua Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba nyingi za mawe kule zilianza na paa bapa la chokaa, kwa mtindo wa Uarabuni. Tena Maskati hupata milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka, Unguja hupita 1,500. Wenye nyumba walivujiwa mpaka wakachoka, wakaweka mapaa ya bati juu ya yale bapa. Alilijua hilo siku zote. Alidhani Shinyanga hakunyeshi.

Fedha ya matengenezo ilitoka kwenye kikoba changu, kwa hiyo maelekezo nayo nilikuwa na haki nayo, na sikuona aibu kuitumia. Juu ya parapeti yote zikawekwa kofia za zege, zimeinama kuelekea ndani, maana maji yakimwagikia nje hushuka na lile vumbi jekundu na kuchora ukuta wa mbele. Zilitokeza inchi mbili kila upande, na chini ya kila ukingo fundi alichora mfuo wa upana wa kidole. Mfuo huo ulinifurahisha kuliko kitu chochote katika nyumba yote. Maji yana tabia ya kushika chini ya zege na kutambaa kurudi ukutani. Yakifika kwenye mfuo yanakosa pa kushika, yanadondoka. Nilimwaga kikombe nikatazama, nikamwaga tena.

Kwenye maungio plasta ilibanduliwa. Likaja bati la kukinga lililopanda ukutani zaidi ya sentimita 15, ncha yake ya juu ikakunjwa ndani ya mfereji uliochongwa ukutani kwa grenda na kuzibwa, na upande wa chini ukalala juu ya bati la paa bila msumari, ili paa liende na kurudi litakavyo. Gata likawekwa mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita, fundi akipima kwa pima maji na mama akipima kwa jicho. Mabomba ya inchi 2 yakatolewa, yakaja ya inchi 4, ambayo mdomo wake una eneo mara nne.

Ugomvi ukabaki kwenye matobo ya dharura. Haya hupasuliwa kwenye parapeti, sakafu yake ikiwa chini kuliko ncha ya bati, ili bomba likiziba kwa majani ya mwarobaini au mawe ya barafu, maji yatoke nje kabla hayajaingia ndani. Mume wangu aliyakubali, ila yawe upande wa jikoni. Mama akataka la kwanza liwe mbele, juu ya baraza, mahali barabara nzima inapaona.

"Mama, litaharibu sura ya nyumba."

"Likimwaga huko nyuma utalala. Likimwaga mbele utaona aibu, na ukiona aibu utapanda kusafisha gata."

Likawekwa mbele. Masika yalipokuja lilimwaga mara moja, mchana kweupe, na mume wangu alikuwa juu ya ngazi na fagio kabla mvua haijaisha. Alitoa viganja vya majani na mpira wa watoto. Doa moja dogo koridoni liliendelea kukua, tukanyong'onyea, kumbe ni bomba la tangi la maji linalopita darini, halihusiani na paa kabisa. Sijapata kumuona mtu akifurahia bomba bovu namna ile.

Sasa jirani wa ng'ambo ya barabara amepandisha kuta zake mpaka linta, na nyumba ni ya kuficha bati. Alikuja jioni moja kuuliza. Mume wangu alimtembeza nyumba nzima, akampandisha juu, akamwonyesha kofia, mfuo, bati la kukinga, tobo, akamchorea na mwinamo kwa fimbo mchangani. Jirani alisikiliza vizuri, akauliza bei ya kila kitu, akashukuru. Alipofika getini akageuka.

"Sasa hizi kofia, mtu akiwa barabarani anaziona?"

"Kidogo sana."

"Na huo mfuo?"

"Hauonekani kabisa."

"Basi hizo tutaweka baadaye," akasema, akavuka barabara kwenda kuchagua vioo.